Ng'ombe Watano kwa Chupa Moja

Katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, toleo la tano lililotoka mwaka 2014, chupa ndogo ya dawa ya kuponya majeraha huuzwa vipande 50 vya dhahabu. Kitabu cha kanuni zake kinasema ng'ombe ni vipande 10, mbuzi ni kipande kimoja, na kibarua asiye na ujuzi hulipwa vipande viwili vya fedha kwa siku. Vipande kumi vya fedha hufanya kimoja cha dhahabu. Mtu wa Ndama, wilayani Karagwe mkoani Kagera, ambako mahari na mambo mengine makubwa yamehesabiwa kwa ng'ombe tangu enzi za mababu, hapati taabu kuelewa maana yake: chupa moja ni ng'ombe watano, au jasho la kibarua la siku 250. Na anayeinywa hapati nafuu kubwa. Hurushwa dadu mbili za pande nne, jumla ikaongezwa mbili, basi.

Mezani hesabu hiyo husahaulika upesi. Wachezaji wanne au watano wamekaa, kila mmoja na mhusika wake, huyu mpiga mkuki, yule mwizi, yule mganga. Mwongozaji anawasimulia ulimwengu na kuwasemea watu wengine wote waliomo. Wahusika wanatoka pangoni na gunia la dhahabu, wanauliza duka liko wapi, na saa nzima inayofuata inaishia kwenye orodha ya bei. Chupa za dawa zinanunuliwa kama soda. Upanga unaowaka moto unachukuliwa rafuni na kulipiwa. Vikao vitatu baadaye hakuna anayekumbuka alikoutoa, wala nani alikuwa nao kabla yake.

Dawa ya tatizo hili si kulifunga duka. Wachezaji wana haki ya kutumia walichokipata kwa shida, na dhahabu isiyonunua kitu inageuka namba tupu kwenye karatasi. Jambo la kufanya ni kutenganisha. Vitu vinavyotumika vikaisha, kama chupa za dawa, mishale ya mara moja, au karatasi yenye maneno yanayofutika yakishasomwa, viuzwe kwa fedha, kwa bei inayojulikana, bila hadithi ndefu. Vinavyodumu, yaani panga, pete, ngoma na mavazi yenye nguvu, vipatikane kwa mapatano na mtu mwenye jina, mwenye sababu ya kuviachia, na mwenye kitu anachokitaka kuliko dhahabu. Vya kwanza vinatoka mchezoni vyenyewe na havivurugi chochote. Vya pili vitabaki na mhusika hadi mwisho wa kampeni, yaani hadithi nzima ya vikao vingi, kwa hiyo namna vilivyoingia ni sehemu ya hadithi.

Waandishi wa mchezo wenyewe wamehangaika na jambo hili kwa nusu karne. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons ya kwanza mwaka 1974, na kitabu cha mwongozaji cha mwaka 1979 kiliweka thamani ya dhahabu mbele ya kila kitu cha ajabu. Toleo la tatu, mwaka 2000, lilikwenda mbali zaidi: likafanya soko kamili, kila kitu na bei yake. Nyongeza ya upanga, yaani namba unayoongeza kwenye dadu, ilipigiwa hesabu kwa kuizidisha namba yenyewe kwa yenyewe, kisha mara 2,000. Nyongeza ya moja ikawa vipande 2,000, ya mbili 8,000, ya tatu 18,000. Hesabu hiyo ilitungwa kwa akili, maana hatua ya pili si mara mbili ya kwanza bali mara nne, na mchezaji hawezi kuifikia kwa kuweka akiba tu. Lakini mchezo mzima ulianza kuzunguka manunuzi. Mwaka 2014 waandishi wakarudi nyuma na kuacha viwango vipana tu, mathalani kitu adimu kiwe kati ya vipande 501 na 5,000. Waongozaji wengi wakalalamika kwamba upana huo hauwasaidii. Kitabu kipya cha mwongozaji cha mwaka 2024 kimerudisha bei zilizonyooka: kitu cha kawaida 100, kisicho cha kawaida 400, adimu 4,000, adimu sana 40,000, cha hekaya 200,000, na vile vinavyotumika mara moja vikauzwa nusu ya hapo.

Mwongozaji anayeanza leo achukue bei hizo tano na kuzibandika mbele yake. Zinakaririka, na hazina ubishi. Kisha afanye jambo moja zaidi, nalo ndilo litakalobadilisha meza yake: azigeuze ziwe ng'ombe.

Vipande 400 ni ng'ombe 40. Vipande 4,000 ni ng'ombe 400. Kwa mara ya kwanza mchezaji anaona kwa nini pete adimu haiwezi kukaa kwenye rafu ya duka la njiani. Mwenye ng'ombe 400 ni mtu mkubwa, na mwenye kitu cha thamani hiyo hawezi kukiweka dirishani akaenda kulala. Malipo nayo yanakuwa safari. Ng'ombe 40 wenye pembe ndefu lazima waswagwe, wanyweshwe, walindwe usiku, wavushwe mto. Mtu atawahesabu njiani. Mchezaji akisema atalipa kwa dhahabu ili kuepa usumbufu, mwongozaji amkumbushe kuwa katika mchezo huu vipande 50 vina uzito wa ratili moja, hivyo vipande 4,000 ni kilo 36 hivi. Frasila ni kama kilo 16, na mzigo wa mpagazi wa misafara ya zamani ulikuwa kama frasila mbili. Bei ya pete moja haibebwi na mtu mmoja.

Ulimwengu wa kuchezea mambo haya hauhitaji kuagizwa kutoka mbali. Karagwe ya mwaka 1861 ina kila kitu. Mfalme Rumanyika alikaa Bweranyange, jina ambalo leo ni la kata katika wilaya ya Karagwe. Kafuro palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofuata pembe za ndovu. Kusini kulikuwa na Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, na mwisho wa njia ni pwani na mji wa Unguja. Bidhaa zilikuwa vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga, waya wa shaba, chumvi, majembe ya chuma, simbi na buni za kutafuna. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe mwezi Novemba 1861 na mwenzake James Grant, na kitabu chake cha safari, kilichotoka mwaka 1863, kimejaa bei, zawadi na ugomvi wa malipo. Ni kitabu cha mtu wa zama zake, chenye dharau na nadharia za rangi ambazo msomaji wa leo atazitupa. Habari zake za biashara, hata hivyo, ni hazina kwa mwongozaji. Asome pia kitabu cha Israel Katoke juu ya ufalme wa Karagwe, cha mwaka 1975, apate upande wa mwanahistoria Mtanzania.

Toleo la tatu lilikuwa na kanuni nzuri: kila makazi yana kikomo cha bei, na kitu kinachozidi kikomo hicho hakipatikani hapo kabisa. Kijiji ni vipande 200, mji mdogo 800, mji mkubwa 3,000, jiji dogo 15,000, jiji kubwa 40,000. Ukiiweka kanuni hiyo juu ya ramani ya Karagwe inakaa vizuri. Kijiji cha wakulima wa ndizi kina chupa za dawa na si zaidi. Kafuro, kama mji mdogo, inaweza kuwa na kitu kimoja kisicho cha kawaida. Mwenye kutaka kitu adimu ashuke Kazeh, na huko aambiwe bei ya kitu kilichopanda kutoka pwani kwa miguu. Richard Burton na Speke, walipoelekea huko mwaka 1857, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni wakafika Kazeh Novemba 7. Kila siku ya safari hiyo imo ndani ya bei.

Njiani kuna hongo, yaani ushuru wa kupita. Kabla ya kuingia Karagwe msafara wa Speke ulipita Usui, kwa mtemi Suwarora, na huko alitozwa nguo na waya hadi akakata tamaa, kila mkuu mdogo akidai chake kabla ya yule mkubwa hajadai. Alipovuka mpaka mambo yaligeuka. Rumanyika alikwishaagiza wageni walishwe, na hakutoza hongo. Mwongozaji anaweza kuyatumia maeneo haya mawili kama yalivyo. Katika nchi ya kwanza wahusika wanapoteza robo ya mali yao kabla hawajaona soko, na wanajifunza kuficha. Katika ya pili wanapokewa bure, wanapewa maziwa na ndizi, na hakuna anayetaja bei. Speke naye alitoa zawadi zake kwa mfalme: nguo nyekundu, waya wa shaba, ushanga. Mchezaji mwenye akili atatambua kuwa hapa pa pili anadaiwa zaidi kuliko pale pa kwanza, kwa sababu deni la mgeni kwa mfalme halina risiti, na mfalme ndiye atakayeamua siku ya kulidai. Kitu cha ajabu kinachotolewa kwa njia hii hakina bei, ila kina amri inayokifuata miezi sita baadaye.

Kisha kuna ngoma. Rumanyika alimsimulia Speke jinsi alivyoupata ufalme baada ya baba yake, Ndagara, kufariki. Ndugu watatu waligombea. Wakuu wa nchi wakaweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa ikawa nzito kwa yeyote asiyestahili. Ndugu zake wawili walijaribu kuiinua kwa nguvu zao zote wakashindwa. Yeye akainyanyua kwa kidole kidogo.

Hakuna mwandishi wa mchezo aliyewahi kutunga kitu cha ajabu kizuri kuliko hicho. Toleo la tano lina sharti la kufungamana: vitu vingi vyenye nguvu havifanyi kazi mpaka mhusika akae navyo kwa utulivu vimzoee, na hawezi kufungamana na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Ngoma ya Karagwe inaonyesha sharti hilo likiwa na uhai. Chombo ndicho kinachomchagua mtu. Ukiiuza, umeuza uzito tu. Mwongozaji aweke angalau kitu kimoja cha namna hii katika kampeni yake, na akiweke mahali ambapo wachezaji watajaribu kukinunua. Mfanyabiashara wa Kafuro anaweza kuwa nacho uani, kimemshinda kukiinua tangu alipokipokea kama dhamana ya deni, na yuko tayari kukitoa hata kwa mbuzi mmoja kwa atakayeweza kukibeba hadi mlangoni. Kikao kizima kinaweza kuishia kwenye ua huo, na hakuna atakayeuliza orodha ya bei.

Njia ya tatu ya kupata kitu kinachodumu ni kumwendea anayekitengeneza. Hapa Kagera ina sifa ambayo watu wake wachache wanaijua inavyostahili. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, akifanya kazi na wazee wafua chuma wa Buhaya katika miaka ya 1970, aliwashuhudia wakijenga upya tanuri la kale: shimo lililojazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa, ukuta wa udongo wa kichuguu juu yake, na mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ili hewa ya mivuo ipate moto kabla ya kukutana na mkaa. Taarifa ya kazi hiyo aliyoiandika na Donald Avery ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Karagwe yenyewe nyundo na fuawe zilikuwa alama za ufalme, na Ndagara anakumbukwa kama mfalme aliyehusishwa na ufuaji. Ng'ombe wadogo wa chuma walikuwamo katika hazina ya kifalme. Mhunzi katika ulimwengu wa namna hii si muuza duka. Anaweza kuwa mkubwa kuliko mtemi.

Kanuni za kutengeneza zipo tayari katika kitabu Xanathar's Guide to Everything cha mwaka 2017. Kitu kisicho cha kawaida kinachukua wiki mbili za kazi na vipande 200, adimu wiki kumi na vipande 2,000, adimu sana wiki 25 na vipande 20,000. Zaidi ya hapo kinahitajika kiungo kimoja kinachopatikana kwa hatari. Mwongozaji asikurupuke na moyo wa joka. Matete kutoka kinamasi kimoja tu kando ya ziwa Burigi, mahali ambapo viboko hawataki mtu, yanatosha kabisa, na yanamfundisha mchezaji kitu cha kweli kuhusu chuma.

Hapa ndipo pa kuingiza butura. Kila familia ya kahawa Karagwe na Kyerwa inaujua mtindo huo: mkulima mwenye shida anauza kahawa ikingali maua mtini, kwa bei ya kumuumiza, na mnunuzi anakuja kuvuna asichokilima. Serikali inaupiga vita, kwa haki. Katika mchezo unafanya kazi ya kusisimua kwa sababu kila upande una kosa lake. Mhunzi ana mgonjwa nyumbani. Atauza upanga ambao haujaingia motoni kwa ng'ombe 15 badala ya 40, ukabidhiwe baada ya wiki mbili. Wahusika watafanya nini? Wakikubali, wamepata nafuu kwa kumkamua mtu mwenye shida, na mwongozaji ana wiki mbili za kuwaonyesha matokeo. Wakilipa bei kamili, wamepata rafiki mwenye nyundo. Mazungumzo yanayozuka mezani hapo ni bora kuliko vita vingi vya dadu.

Wachezaji wanaosisitiza kununua kwa fedha wasinyimwe, ila watafute. Kitabu hichohicho cha 2017 kinaelekeza kwamba mhusika atumie wiki moja ya kazi na vipande 100 kumtafuta muuzaji, kisha arushe dadu ya pande 20 kupima alivyofanikiwa. Kila vipande 100 zaidi, au wiki nyingine, vinaongeza kimoja kwenye jumla, mwisho kumi. Kuna nafasi ya moja katika kumi kwamba manunuzi yataleta balaa: kitu ni bandia, kina laana, kinaibwa na adui baada ya kununuliwa, au mwenyewe halisi anakitafuta na yuko tayari kuua. Moja katika kumi ni kidogo mno kwa meza inayopenda hadithi. Moja katika tano inafaa zaidi. Kwa kitu bandia mwongozaji awe mwangalifu. Kifanye kazi kidogo. Mchezaji aliyelipa ng'ombe 40 akapata fimbo kavu atajiona amefanyiwa hila na mwongozaji, wala hatamlaumu muuzaji.

Lipo jambo moja ambalo si mchezo. Kanda ya Ziwa imeona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, na wanawake wazee wakiuawa kwa kushukiwa uchawi. Mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo. Kwa hiyo meza yoyote hapa iwe na mpaka usiojadiliwa. Kiungo cha mwili wa binadamu kisiwe bidhaa, wala kisitajwe kama kiambato, hata kwa mhusika mwovu. Mtu asitajirike mchezoni kwa dawa ya kumtoa mtu kafara. Kila mchezaji aulizwe mapema ni mambo gani hataki kuyasikia, na jibu lake liheshimiwe bila kudai sababu. Wazazi au walezi wa vijana waonyeshwe dadu, karatasi na kitabu, wakae kikao kimoja wakitaka. Anayeogopa kwamba watoto wanajifunza uganga akisikia wanabishana kuhusu ng'ombe 15 au 40, kwa kawaida naye anaanza kubisha bei.

Gharama halisi ya kuanza ni ndogo. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziko chini ya leseni huria ya Creative Commons, na mtu anaweza kuzipakua bure na hata kutunga ulimwengu wake juu yake. Kanuni hizo za 2023 zina mamia ya vitu vya ajabu na daraja zao, ila karibu vyote havina bei, ndiyo maana zile namba tano za mwaka 2024 zinafaa kubandikwa. Dadu zikikosekana, programu ya simu inarusha.

Muda wa mezani ndio unaopaswa kutunzwa kwa ubahili. Manunuzi ya vitu vinavyokwisha yafanywe katikati ya wiki kwa ujumbe wa simu, kila mchezaji akiandika anachotaka na mwongozaji akijibu kipo au hakipo. Kwenye kikao chenyewe aje muuzaji mmoja, na vitu vitatu, si zaidi. Kimoja wachezaji wawe na uwezo wa kukinunua leo, cha pili wakiweze wakiuza kitu wanachokipenda, cha tatu wasikiweze kabisa. Muuzaji ajue anachotaka kwa kila kimoja kabla hawajafungua mdomo: kwa cha kwanza ng'ombe wanne na jembe, kwa cha pili barua ifikishwe Kazeh bila kufunguliwa, kwa cha tatu mtoto wa dada yake aliyefungwa Usui aachiwe. Wakichagua cha tatu, mwongozaji ameshapata kazi ya vikao vinne vijavyo.